Mwisho lakini si kwa Umuhimu

Katika toleo hili tumeona vema tujifunze pamoja msemo mmoja ambao karibu kila mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano, semina au warsha ameusikia. Ni msemo wa Waingereza, "last but not least", ambao kwa Kiswahili tumeuzoea hivi: "mwisho lakini si kwa umuhimu". Utausikia kwa mshereheshaji wa harusi, kwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa afisa aliyetoka wilayani. Na sisi waratibu wa miradi pengine ndio tunaoongoza kwa kuutumia.

Tumechagua somo hili kwa sababu msemo huu uliwahi kutugharimu. Siku moja hapa Pemba tuliutumia katika mkutano wa wakulima wa mwani, na baadaye tukagundua kuwa ulimi wetu ulisema jambo moja na ratiba yetu ikasema jambo jingine. Kisa hicho tutakieleza mbele. Kwanza tuuelewe msemo wenyewe.

1. Maana yake

Kwa Kiingereza msemo una maneno manne. "Last" ni -a mwisho, "but" ni lakini, "not" ni si, na "least" ni -dogo kuliko vyote. Ukiutafsiri neno kwa neno utapata "wa mwisho lakini si mdogo kuliko wote". Kiswahili hakikulichukua hilo neno "mdogo", maana msikilizaji angeweza kudhani tunazungumzia umri au umbo. Kikachukua neno "umuhimu", na hapo maana ikakaa sawa.

Maana yenyewe ni hii. Mtu anayetaja watu wengi au mambo mengi hawezi kuyataja yote kwa mara moja. Ulimi ni mmoja. Ni lazima awepo wa kwanza na awepo wa mwisho. Kwa hiyo msemaji anawatahadharisha wasikilizaji kwamba nafasi ya mwisho imetokana na mpangilio wa kutaja tu, na kwamba anayetajwa sasa ana uzito sawa na waliotangulia, au hata kuwazidi.

Mfano: "Tunawashukuru walimu, tunawashukuru wazazi, na mwisho lakini si kwa umuhimu, tunawashukuru wapishi waliotuandalia chakula."

Msemo umefupishwa. Ukiurefusha unakuwa "wa mwisho kwa kutajwa, lakini si wa mwisho kwa umuhimu". Ukitaka kuutumia kwa ukamilifu huo, kumbuka upatanisho wa kisarufi: mtu *wa* mwisho, jambo *la* mwisho, kikundi *cha* mwisho, hoja *ya* mwisho.

2. Asili yake

Msemo huu ni wa zamani sana. Mwandishi wa Kiingereza John Lyly aliutumia katika kitabu chake cha mwaka 1580. Baadaye William Shakespeare aliutumia kwa namna yake katika tamthilia ya *Julius Caesar*, iliyochezwa London mwaka 1599. Tamthilia hiyo si ngeni kwetu Watanzania. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatoka mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*.

Ni vema tukaona msemo unatokea mahali gani katika mchezo huo. Caesar amekwisha kuuawa kwa visu. Rafiki yake, Mark Antony, anawakuta wauaji bado mikono yao ina damu. Badala ya kuwalaani, anaomba kuwapa mkono mmoja mmoja. Anaanza na Brutus, kisha Cassius, anaendelea hivyo mpaka anamfikia wa saba, Trebonius. Huyu ndiye aliyemtoa Antony nje kwa makusudi ili wenzake wapate nafasi ya kuua. Kwake Antony anasema kwamba amekuwa wa mwisho katika kupewa mkono lakini si wa mwisho katika kupendwa.

Je, alimaanisha? Hata kidogo. Muda si mrefu Antony anasimama kwenye mazishi, anawageuza wananchi kwa hotuba yake, na Brutus na Cassius wanaukimbia mji. Msemo wenyewe una maana nzuri, lakini pale ulitumika kumfunika macho msikilizaji. Tulitunze jambo hili moyoni tunapoendelea na somo: tangu zamani watu wameweza kuyasema maneno haya bila kuyamaanisha.

3. Kuna mwisho wa aina mbili

Mtu anaweza kuuliza: kwani kuwa wa mwisho ni vibaya? Katika mila na desturi zetu jibu ni kwamba inategemea ni mwisho gani.

Kuna mwisho wa heshima. Katika mikutano yetu mgeni rasmi huingia ukumbini watu wote wakiwa wamekwisha kukaa, na husemeshwa baada ya wengine wote. Hakuna mtu anayesimama kumwambia mgeni rasmi kuwa yeye ni wa mwisho lakini si kwa umuhimu. Hana haja ya kuambiwa. Katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki timu ya Ugiriki hutangulia kuingia uwanjani, na timu ya nchi mwenyeji huingia ya mwisho, nayo ndiyo hushangiliwa kuliko zote. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio karibu watu wote wa Pemba, wanaamini kuwa Mtume Muhammad ni wa mwisho katika mitume, na kwao mwisho huo ni daraja ya juu kabisa.

Kuna na mwisho wa ukoko. Chungu cha wali kikiisha, anayefika mwisho hukwangua ukoko. Huyu hakuwekwa mwisho ili aheshimiwe. Amepata kilichobaki baada ya wengine kushiba. Hata ukimwambia kwa sauti ya upole kwamba yeye ni muhimu sana, sahani yake inamwambia ukweli.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la somo hili. Tunaposema "mwisho lakini si kwa umuhimu" tunaahidi mwisho wa mgeni rasmi. Mara nyingi tunachotoa ni mwisho wa ukoko.

4. Makosa tunayoyafanya katika kuutumia

Katika mikutano mingi tuliyohudhuria tumeyaona makosa haya:

(a) *Kuutamka vibaya.* Wanaousema kwa Kiingereza wakati mwingine husema "last but not list", na hapo "list" ni orodha. Wengine huongeza neno dogo wakasema "last but not the least". Siku hizi walimu wa Kiingereza huliona hilo kuwa kosa, ingawa Kiingereza cha zamani kiliutumia msemo hivyo hivyo. Kwa hiyo tusimcheke mwenzetu.

(b) *Kulikata neno "lakini".* Wapo wanaosema "mwisho si kwa umuhimu". Hapo maana imepotea, maana ni kama kusema kuwa mwisho wenyewe hauna umuhimu.

(c) *Kuutumia zaidi ya mara moja.* Msemaji anasema "mwisho lakini si kwa umuhimu", kisha anaongeza "vilevile", kisha "nisisahau", kisha "mwisho kabisa". Wasikilizaji waliokwisha kushika viatu wanakaa tena.

(d) *Kuutumia pale ambapo hapana orodha.* Kama una jambo moja au mawili tu, huna haja nao. Sema jambo lako.

(e) *Kuutumia kwenye orodha iliyopangwa kwa uzito.* Hili ndilo kosa kubwa kwetu watu wa miradi. Wananchi wamekaa, wamepanga vipaumbele vyao kwa kura: namba 1 maji, namba 2 barabara, na kuendelea hadi namba 7. Orodha ya namna hii mpangilio wake *ndio* umuhimu wake. Ukifika namba 7 ukasema "mwisho lakini si kwa umuhimu", unawadanganya watu, kwa kuwa wao wenyewe wamekwisha kusema ni ya mwisho kwa umuhimu.

(f) *Kuutumia kama dawa ya kusahau.* Mara nyingi anayetajwa kwa msemo huu ni yule tuliyekaribia kumsahau: mfagizi, dereva, mtu mwenye ulemavu, mjane, mtoto wa kike. Tukiuona msemo huu katika hotuba yetu tujiulize, je, mtu huyu amewekwa hapa kwa mpangilio, au tumemkumbuka tulipokuwa tunafunga kalamu?

5. Kisiwa kinachotajwa cha pili

Sisi tunaofanya kazi Pemba tunalijua jambo hili kwa namna ya pekee. Watu husema "Unguja na Pemba". Ni nadra sana kusikia "Pemba na Unguja". Bila shaka ni mazoea ya ulimi tu, na hakuna mtu anayekasirika kwa sababu yake. Lakini mpangilio wa ulimi ukirudiwa miaka mingi huweza kuwa mpangilio wa mambo. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulifika Unguja mwaka 1980. Pemba iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli, na waya wake kutoka Tanga ukafika mwaka 2010. Hiyo ni miaka 30. Mtoto aliyezaliwa Pemba mwaka umeme huo ulipofika Unguja alikuwa mtu mzima mwenye watoto ulipofika kwao.

Tuangalie na mwani. Mtu anapotaja vyanzo vya fedha za kigeni vya Zanzibar kwa kawaida husema utalii, karafuu, na mwisho mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989. Kinawashughulisha watu zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wanawake. Sehemu kubwa ya mwani huo hutoka hapa Pemba. Ukikaushwa husafirishwa nje, na huko hutolewa kitu cha kugandishia kinachotumika katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Kwa mama wa pwani fedha ya mwani ndiyo daftari la mtoto na ndiyo bati la nyumba. Kwa hiyo jambo linalotajwa la tatu katika hotuba huwa la kwanza katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo tulipokwenda kufanya kazi na akina mama hao, tulikuwa na kila sababu ya kuwa waangalifu. Hatukuwa.

6. Kisa chetu

Ilikuwa katika shehia moja ya pwani, Wilaya ya Micheweni. Tuliitisha mkutano wa mradi. Ajenda zilikuwa saba: ufunguzi, utambulisho, taarifa ya mradi, taarifa ya fedha, miche ya mikarafuu, kisima, na ya saba ilikuwa chanja za kuanikia mwani. Chanja ni muhimu kwa sababu mwani ukianikwa chini mchangani huchukua mchanga na uchafu, na mvua ikinyesha huharibika. Ukianikwa juu ya chanja hukauka vizuri na hubaki safi.

Tulipanga kuanza saa 3 asubuhi. Akina mama walifika mapema, wamekaa kwenye mikeka upande mmoja, na wengi wao walikuja na kamba zao wakiendelea kufunga mbegu za mwani huku wakisubiri. Mgeni wetu alichelewa. Tukaanza karibu saa 4. Utambulisho peke yake ulichukua nusu saa, maana kila aliyesimama alitaka itifaki izingatiwe.

Jambo ambalo hatukuliangalia ni mwezi. Siku ile ilikuwa bamvua. Wasomaji wa bara watuwie radhi tueleze kidogo. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo ndizo mkulima wa mwani huweza kufika kwenye shamba lake kwa miguu, akapigilia vigingi, akafunga kamba, akavuna. Na kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa asubuhi, kati ya saa 4 na saa 5. Baada ya hapo hurudi. Asiyeingia baharini saa hizo ameikosa siku.

Basi tulipokuwa kwenye taarifa ya fedha, akina mama walianza kuondoka. Mmoja mmoja, bila kelele, wakijifunga kanga vizuri na kubeba kamba zao. Sisi tulidhani wamechoka. Tulipofika ajenda ya saba ilikuwa imepita saa 6 mchana. Tukasimama tukasema kwa sauti nzuri kabisa: "Na mwisho lakini si kwa umuhimu, tuje kwenye chanja za akina mama." Upande wa mikeka walikuwa wamebaki wazee wawili na mwenye mtoto mgonjwa.

Waliobaki wakaamua. Chanja zijengwe karibu na barabara, ili gari la mnunuzi lifike kwa urahisi. Tukaandika muhtasari, sheha akapiga muhuri, tukaondoka tukiwa tumeridhika.

Chanja zilijengwa vizuri. Hazikutumika. Mwani mbichi una maji mengi, na uzito wake ni mara kadhaa ya uzito wa mkavu. Kutoka ufukweni hadi barabarani ni mwinuko. Hakuna mama aliyekuwa tayari kupandisha mwani mbichi kichwani mwinuko ule ilhali angeweza kuuanika pale pale ufukweni, akapandisha mkavu ambao ni mwepesi. Wakaendelea kuanika mchangani kama zamani. Tuliporudi baada ya miezi kadhaa tulikuta mbuzi wamelala kivulini mwa chanja zetu, na baadhi ya mbao zimeanza kuoza kwa mvua.

Tukawaendea akina mama wenyewe kuwauliza. Mama mmoja mtu mzima, baada ya salamu ndefu na baada ya kutukaribisha madafu, alitwambia: "Wanangu, maneno yenu yalikuwa mazuri. Lakini bahari haingoji ajenda. Ikipwa imepwa."

Hakutulaumu zaidi ya hapo. Wala hakuwa na haja. Sisi tulikuwa na siku nyingine zote za mwezi za kuitisha mkutano. Yeye hakuwa na saa nyingine ya kuingia baharini.

Mkutano uliofuata tuliupanga siku ya maji mafu, siku ambayo bahari haipwi sana na shamba halifikiki. Ajenda ya kwanza baada ya salamu ikawa chanja. Akina mama walisema katika muda mfupi tu mahali panapofaa: juu kidogo ya mstari wa maji ya bamvua, chini ya mwinuko. Fedha zilizobaki zilitosha kuhamisha baadhi ya chanja tu. Nyingine hatukuweza. Hizo ndizo gharama ya msemo mmoja uliosemwa vizuri mahali pasipofaa.

7. Tupime kwa mizani gani?

Kutokana na kisa hicho, ofisini kwetu tulijiwekea mizani tatu. Tunazitoa kwako msomaji ili uzijaribu katika kikundi chako, shirika lako au ofisi yako. Kila unapotaka kusema "mwisho lakini si kwa umuhimu", jiulize:

*Mizani ya saa.* Je, jambo hili la mwisho limeachiwa muda wa kutosha? Kama ajenda sita za kwanza zimekula saa tatu na ya saba imebakiwa na dakika kumi, basi ni ya mwisho kwa umuhimu pia, utake usitake.

*Mizani ya fedha.* Katika andiko la mradi huwa tunaorodhesha shughuli. Mfadhili akitoa pungufu ya tulichoomba tunakata, na aghalabu tunaanzia chini kwenda juu. Choo cha wasichana kikiwa chini kinakatwa. Ngazi ya kupitisha baiskeli ya mtu mwenye ulemavu ikiwa chini inakatwa. Kama jambo ni muhimu kweli, lisikae pale panapofikiwa na kisu kwanza.

*Mizani ya masikio.* Je, wenye jambo lao bado wapo wakati jambo lao linajadiliwa? Tazama mikeka. Kama imebaki mitupu, usiendelee. Ahirisha, au lirudishe jambo hilo mwanzoni siku nyingine.

Jambo likifaulu katika mizani zote tatu, basi tumia msemo bila wasiwasi. Likianguka hata katika mizani moja, ni heri kunyamaza na kurekebisha mpangilio.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Akina mama wa mwani wanaijua methali hii kwa mikono yao, maana kamba ya shamba ikikatika mahali pamoja, mwani wote uliofungwa humo unachukuliwa na maji. Mkutano nao hukatikia pembamba. Ukipuuza mahali palipo pembamba, sehemu zote zilizo nene hazitakusaidia.

Wakristo tunao mfano katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, wa mwenye shamba la mizabibu. Aliajiri vibarua asubuhi, akaajiri wengine mchana, na wengine akawaajiri saa kumi na moja jioni. Wakati wa malipo alimwagiza msimamizi wake aanze na wale waliokuja mwisho, na akawapa ujira ule ule kama waliofika alfajiri. Ukisoma sura hiyo angalia jambo moja: mwenye shamba hakuwaambia wale wa mwisho kwamba wao ni muhimu. Aliwalipa. Ujira uliokuwa mkononi mwao ulitosha kuwa hotuba.

8. Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja mkutano mmoja wa karibuni ulioushiriki. Nani au jambo gani lilitajwa mwisho? Je, ulikuwa mwisho wa heshima au mwisho wa ukoko?

2. Katika familia yako nani hula mwisho? Nani huulizwa mwisho pale uamuzi wa fedha unapofanywa? Kwa nini?

3. Kama shamba lenu ni bahari, saa ya maji kupwa ndiyo saa ya kazi. Wakulima wa bara, wafugaji na wafanyabiashara ndogondogo wa mahali penu wana "maji kupwa" yao saa ngapi? Je, mikutano yenu huwakuta?

4. Chukueni ajenda ya mkutano wenu ujao. Igeuzeni, ya mwisho iwe ya kwanza. Nani atafurahi na nani atalalamika? Jadilini sababu.

5. Tungeni sentensi tatu zenye msemo "mwisho lakini si kwa umuhimu" ambazo mzungumzaji anaweza kuzithibitisha kwa vitendo siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, hatukuandika somo hili ili tuufukuze msemo huu kwenye mikutano. Ni msemo mzuri na unatufundisha adabu, kwa kuwa unamkumbusha msemaji kwamba mpangilio wake unaweza kumuumiza mtu. Tunachoomba ni kwamba mdomo ukiusema, ratiba na bajeti navyo viuseme.

Nasi tumejaribu kuanza hapo hapo. Kwa kawaida ukurasa huu humalizikia kwa kuwashukuru walioshiriki katika kazi ya robo mwaka, na akina mama wa vijijini hutajwa mstari wa chini kabisa, baada ya viongozi, wafadhili na watumishi. Toleo lijalo shukrani hizo zitakuwa juu ya ukurasa, kabla ya picha ya mgeni yeyote, nazo zitaanza na wakulima wa mwani. Ukiona hatukufanya hivyo, tuandikie utukumbushe. Tutakuwa tumestahili.